Kichwa cha Mali: Kiingereza cha Biashara Masikioni mwa Mswahili

Swali lilitoka benchi la nyuma. Lilikuwa darasa la jioni la Kiingereza cha biashara, Kariakoo, katika chumba kilicho juu ya duka la vipuri vya pikipiki, na harufu ya oili ilikuwa ikitufuata hadi juu. Ubaoni nilikuwa nimeandika sentensi moja tu: "The bank charges interest." Mama mmoja muuza vitenge, ambaye tangu alfajiri alikuwa hajarudi kwake, akanyoosha kidole.

"Mwalimu, hii 'interest' si ndiyo ile ya juzi, 'I am interested in music'? Sasa benki inawatoza watu hamu?"

Darasa zima likaangua kicheko. Nikamwambia hapana, mama, hapa maana yake ni riba. Akalitazama lile neno ubaoni kama anavyokagua kitambaa akitafuta kasoro.

"Riba? Basi wenzetu wameificha vizuri."

Neno lile, "wameificha", halijanitoka. Vitabu tunavyofundishia hupanga msamiati wa fedha katika safu mbili, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia: "loan" ni mkopo, "capital" ni mtaji, "tax" ni kodi. Mwanafunzi akishazikariri safu zote mbili huhesabiwa amehitimu. Safu hizo hazisemi uongo. Ila hazimwambii kwamba kila lugha ina maficho yake ya mambo ya fedha, na kwamba maficho ya lugha moja si maficho ya nyingine. Muuza vitenge alikuwa ameyaona ya Kiingereza kwa kutupa jicho mara moja. Ya Kiswahili, yeye kama sisi sote, alikuwa akiishi ndani yake bila kuyaona.

Tuanze na hilo neno lake. "Interest" ni la Kilatini, na maana yake ya mwanzo ni kuwa kati ya vitu viwili, kutofautiana. Katika Ulaya ya enzi za kati Kanisa lilikataza kukopesha fedha kwa faida, na kosa hilo liliitwa "usura". Wanasheria, hata hivyo, walikubali kwamba aliyekopesha kisha akacheleweshewa malipo amepata hasara, na kwamba ana haki ya kulipwa tofauti iliyopo kati ya hali aliyomo na hali ambayo angekuwamo kama angelipwa kwa wakati. Tofauti hiyo ndiyo iliyopewa jina la "interest". Neno lilizaliwa likiwa fidia, si faida. Uingereza ilipoyaruhusu malipo ya namna hiyo kwa sheria mwaka 1545, wakati wa Mfalme Henry VIII, iliweka kikomo cha asilimia 10 kwa mwaka. Ikaifuta ruhusa hiyo mwaka 1552, ikairudisha mwaka 1571. Ndani ya kusitasita huko lugha ikagawa kazi: "interest" ikakabidhiwa kilicho halali, "usury" ikaachiwa kilichovuka mpaka. Hata katika miaka ya 1590, katika tamthilia ya Shakespeare ya The Merchant of Venice, Shylock bado analalamika kwamba Antonio anayaita mapato yake kwa jina hilo la "interest" kwa kumdhalilisha. Leo benki hulibandika dirishani, pamoja na picha ya familia inayotabasamu.

Kiswahili hakikugawa. Riba ni neno la Kiarabu lenye maana ya kuzidi, na lilipotia nanga mwambao lilishuka na hukumu yake. Qurani inaikataza, Biblia ya Kiswahili nayo hutumia neno hilohilo inapowakemea wanaowakamua maskini. Kisha, Januari 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilipoanza kuendesha sera ya fedha kwa kutangaza kiwango elekezi, ilikiita Riba ya Benki Kuu, ikaanza na asilimia 5.5. Mchumi aliposikia tangazo alisikia kipimo, kama kipimajoto. Ustadhi aliposikia redio ileile alisikia jina la dhambi aliyoikemea Ijumaa. Hakuna kati yao aliyesikia vibaya. Kiingereza, kwa kuwa na maneno mawili, kimebaki kuuliza ni kiasi gani kinachovumilika. Kiswahili, kwa kuwa na moja, bado kinauliza kama jambo lenyewe linafaa. Maswali yote mawili yana wazee wenye hekima nyuma yao, na mfanyabiashara anayekopa kwa Kiingereza na kuswali kwa Kiswahili anayabeba yote mawili mfukoni.

Tamthilia hiyohiyo ndiyo inayotuonyesha maficho ya upande wetu. Tafsiri ya Mwalimu Nyerere ilichapishwa mwaka 1969, na hakuiita "Mfanyabiashara wa Venisi". Aliiita Mabepari wa Venisi, kwa wingi, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. "Merchant" wa Shakespeare ni mmoja, naye ni Antonio, muungwana mwenye merikebu baharini. Katika jalada la Kiswahili amegeuka tabaka zima. Na neno bepari lenyewe lina safari ya kustaajabisha. Limetoka Bara Hindi: kwa Kigujarati "vepari" ni mtu afanyaye biashara, basi, na mtu huitwa hivyo kwa heshima zake. Lilivuka bahari likiwa jina la kazi, likafika kwetu likawa shtaka. Jirani yake, tajiri, lilifuata njia nyingine. Kwa Kiarabu "tajir" naye ni mfanyabiashara tu, ila Mswahili alipomtazama aliona mali zake kabla ya kuona kazi yake. Leo dereva wa daladala anapohangaika jioni kutimiza hesabu ya tajiri, tajiri huyo huenda ni mwalimu mstaafu mwenye gari moja bovu. Hivyo wachuuzi wawili walioshuka kwenye majahazi, mmoja tumemfanya mwenye nacho na mwingine mnyonyaji, mpaka tukalazimika kuunda neno refu, mfanyabiashara, kwa ajili ya mtu ambaye anauza tu.

Na hiyo biashara anayoifanya ni nini? Ni Kiarabu cha kuuza na kununua, "bai" na "shira", maneno mawili yaliyoshikana hadi yakawa moja. Kwa asili yake, basi, biashara haifanywi na mtu mmoja. Lazima awepo wa pili upande wa pili wa meza. "Business" imejengwa kinyume kabisa. Imetoka kwenye "busy", na maana yake ya mwanzo ni hali ya kuwa na shughuli, kuhangaika. Mtu peke yake chumbani anaweza kuwa nayo. Sitaki kujenga ghorofa juu ya msingi mwembamba kama huu, maana Mswahili wa leo hasikii "bai" ndani ya biashara zaidi ya Mwingereza anavyosikia mahangaiko ndani ya "business". Lakini nimewahi kumsikiliza mwanafunzi akitafsiri "mind your own business" kuwa "angalia biashara yako", akimaanisha ushauri mzuri kabisa kwa mwenye duka, na nikaona jinsi maneno haya mawili yasivyokalia kiti kimoja.

Mahali ambapo lugha hizi zinakutana ana kwa ana, bila kupangiana, ni penye "capital". Neno hilo limetokana na "caput", kichwa kwa Kilatini: fedha ya kichwa, ile ya mwanzo, ambayo faida huota juu yake. Waarabu nao waliita fedha hiyo "ras al-mal", kichwa cha mali, nasi tukaipokea ikawa rasilimali. Roma na Baghdad zilitazama mkoba wa mfanyabiashara na zote mbili zikaona kichwa. Pengine ni kichwa cha ng'ombe, kwani Kiingereza kina ndugu wawili wa "capital" ambao ni "cattle", ng'ombe, na "chattel", mali inayohamishika. Na "fee", ada anayotoza wakili wa London, kwa Kiingereza cha kale ilikuwa mifugo. Msukuma au Mmaasai hahitaji kufunuliwa kamusi kwa jambo hilo.

Ila Kiswahili kilifanya kitu cha ziada. Rasilimali ilianza kupanuka, ikameza misitu, madini, maji na hata wafanyakazi, ambao leo wana idara yao ya rasilimaliwatu. Nafasi yake dukani ikachukuliwa na mtaji. Na mtaji, mcheza bao yeyote wa Zanzibar atakwambia, ni neno la ubaoni: una mtaji ukiwa na hatua ya kula kete za mwenzako, usipokuwa nayo unatakasa tu, unazungusha kete zako mwenyewe mpaka zamu ijayo. Sijui picha nzuri kuliko hiyo ya kijana mwenye genge lililoishiwa bidhaa, anayepanga nyanya zilezile upya kila asubuhi. Hana mtaji; anatakasa.

Ningedhani ni sisi peke yetu tunaozungumza fedha kwa lugha ya mchezo, kama si Hazina ya Uingereza. Waziri wa fedha wa nchi hiyo huitwa hadi leo "Chancellor of the Exchequer", na "exchequer" ni ubao wa sataranji. Katika karne ya 12 maofisa wa mfalme walihesabu kodi za majimbo juu ya meza iliyotandikwa kitambaa chenye mistari, wakisogeza vihesabio kutoka safu hadi safu, na aliyeona meza ile akaiita kwa jina la ubao wa mchezo. Sataranji yenyewe ilifika Ulaya kupitia kwa Waarabu, kutoka Uajemi, na neno "check" ni "shah", mfalme, aliyepotoka njiani. "Cheque" ya benki imepata tahajia yake kwenye ukoo huohuo. Kwa hiyo mtu anayeandika "cheque" kwa Kiingereza anamtaja mfalme wa Uajemi bila kujua, na anayeandika hundi kwa Kiswahili anataja hati walizotumiana wafanyabiashara wa Kihindi karne nyingi kabla ya benki za Kizungu kufika Bombay au Unguja. Sisi tulichukua hati kwa aliyekuwa na hati. Wao waliazima jina kwenye mchezo.

Mishahara nitaipitia kwa haraka, ingawa mwenye mshahara haipendi haraka hiyo. "Salary" ina chumvi ndani yake, "sal" ya Kilatini. Hadithi kwamba askari wa Kirumi walilipwa chumvi haina ushahidi wa kutosha, lakini uhusiano wa maneno uko palepale. Mshahara una mwezi ndani yake, "shahr" ya Kiarabu. Mmoja unataja kitu, mwingine unataja muda. Linalolingana hasa na "salary" kwa undani ni posho. Katika misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda bara, posho ilikuwa chakula cha mpagazi, nafaka ya kupimiwa kwa kibaba. Uganda neno hilo limebaki chunguni, nako posho ni ugali. Tanzania limepanda ngazi mpaka bungeni, na mtu hupokea posho ya kikao akiwa tayari amekula.

Misafara ile ilitupa neno jingine, hongo. Mtemi wa Ugogo alipotoza hongo hakuwa akivunja sheria yoyote. Yeye ndiye aliyekuwa sheria, na vitambaa au shanga alizopokea zilikuwa ushuru wa kupita katika nchi yake na kutumia maji ya visima vyake. Wasafiri wa Kizungu waliona ni unyang'anyi, wakaandika hivyo. Utawala wa kikoloni ulipompokonya mtemi haki ya kutoza, ukabaki na haki hiyo yenyewe kwa jina la ushuru wa forodha, na hongo ikashushwa hadi kuwa kosa la jinai. Kiingereza kilipitia njia hiyohiyo kikielekea upande wa pili. "Customs", forodha, ni desturi tu, malipo ya mazoea ambayo mfalme alidai kwa kuwa yamekuwa yakidaiwa, na desturi hiyo ikapanda cheo mpaka ikawa idara yenye sare na mihuri. "Bribe" kwa upande wake ilikuwa kipande cha mkate anachopewa ombaomba. Ukiyapanga maneno haya manne mezani, hongo, ushuru, "customs" na "bribe", utaona kwamba kinachotenganisha kodi na rushwa katika lugha zote mbili ni jibu la nani aliyekuwa na bunduki wakati kamusi inaandikwa. Ushuru, kwa taarifa, asili yake ni sehemu ya kumi, kama ilivyo "tithe" ya Kiingereza. Hapo wote tulihesabu vidole vyetu.

Nimesema "kwa taarifa", na hapo pana jambo. Taarifa ni Kiarabu, kujulisha. Wafanyabiashara wa Bahari ya Kati walilichukua neno hilohilo wakimaanisha orodha inayojulisha viwango vya ushuru bandarini, Waitalia wakaita "tariffa", Waingereza "tariff". Leo rais wa Marekani akitangaza "tariff" dunia inatetemeka. Msemaji wa serikali Dodoma akitoa taarifa watu wanaendelea kula. Hawala ni kisa cha aina hiyo, ila kichungu zaidi. Kwetu hawala ya fedha ni karatasi ya posta: mzazi aliyeko mjini anaituma, bibi kijijini anakwenda nayo dirishani, na mtu aliyekua miaka ya 1980 anaikumbuka kwa mapenzi. Katika magazeti ya Kiingereza, hasa baada ya mwaka 2001, "hawala" imekuwa neno la ripoti za polisi, njia ya fedha zisizojulikana zitokako. Neno ni moja, maana yake ya kuhamisha ni moja. Kilichobadilika ni jicho linalolitazama. Mwanafunzi wangu akiandika barua ya Kiingereza kwa mteja wa ng'ambo kwamba atalipa kwa "hawala", namshauri alifute, na kila ninapofanya hivyo najiona nikimwomba akane jina la shangazi yake.

Kuna upande mwingine ambao Kiswahili kimegeuka makumbusho ya fedha za watu wengine. Mwingereza kijana anajua "shilling" kwa kuisoma. Tarehe 15 Februari 1971 nchi yake iliachana na hesabu ya peni 12 kwa shilingi na shilingi 20 kwa pauni, na sarafu ile ikaingia kabatini. Kenya, Uganda, Tanzania na Somalia zinaendelea kuitumia, na kijana wa Nairobi anayesema "fifty bob" anatumia jina la utani ambalo babu wa London angelitambua machozi yakimlengalenga. Wajerumani nao walikuta kwetu rupia iliyogawanywa kwa pesa 64, wakaihesabu hivyo mpaka mwaka 1904 walipoanzisha mfumo wa mia na sarafu ndogo iitwayo "Heller". Hiyo ilikuwa na jina la mji wa Hall, katika Swabia, ulikotoka mhuri wake wa kwanza karne nyingi nyuma. Utawala wao uliondoka na vita. "Heller" kwao imebaki kwenye misemo ya wazee. Hapa, mtoto anayemfuata baba yake mlangoni bado anasema, "Baba, hela ya daftari." Jina la mji mdogo wa Ujerumani linatamkwa Mbagala kila asubuhi na mtu ambaye hata Ujerumani haijui.

Hapo ndipo ninapomjibu muuza vitenge, kwamba sisi nasi tumeficha. Fedha ni jina la madini, na Waziri wa Fedha, kwa asili ya maneno, ni waziri wa madini meupe ya vikuku na pete. Hatusikii. Mfaransa naye hasikii madini hayo katika "argent", Mhindi hayasikii katika rupia, na Mjapani, ambaye karne ya 19 alihitaji neno la benki akachagua herufi mbili, ya fedha na ya nyumba ya biashara, akapata "ginko", huenda haoni mng'ao wake anapopanga foleni. Mwingereza aliangalia samani: "bank" ni benchi la Kiitalia, la mbadili sarafu aliyekaa sokoni, na "bankrupt" ni benchi lililovunjika. Sisi kufilisika kwetu kumetoka kwenye "fals", sarafu ya shaba ya Kiarabu. Aliyefilisika ni yule ambaye dirhamu zake za fedha zimekwisha, amebaki na vishaba. Tofauti yake naipenda. Wa kwao amevunjiwa mahali pa kazi mbele ya watu. Wa kwetu yuko nyumbani, anahesabu chenji.

Darasani, hata hivyo, si asili za maneno zinazowaangusha watu mtihani. Ni "borrow" na "lend". Mwanafunzi wa Afrika Mashariki husema "borrow me your pen", na walimu wengi humcheka kana kwamba ni uzito wa kichwa. Si hivyo. Kiswahili kina azima, nayo hufanya kazi pande zote mbili: nimeazima kalamu kwake, na niazime kalamu yako. Kiingereza kinataka kujua fedha inaelekea wapi, inatoka au inaingia, kama karani anayetenganisha safu za daftari. Kiswahili kinataka kujua jambo lingine: je, kitarudi kilekile? Kalamu huazimwa, hurudi yenyewe. Sukari hukopwa, kwani ile iliyokopwa imeshanyweka na kitakachorudi ni mfano wake. Sheria ya Kirumi ilikuwa na mikataba miwili kwa mambo haya, na fikihi ya Kiislamu inayo pia; Kiingereza cha kila siku kimeyaunganisha, wakati mama jirani anayegonga mlango na kikombe mkononi anayatenganisha bila wakili. Kwa hiyo mtu akikwambia "niazime elfu kumi" badala ya "nikopeshe", kuwa macho: anataka uamini noti ileile itarudi.

Na palipo na deni kubwa pana rehani, ambayo kamusi huitafsiri "mortgage". Kifaransa cha kale kilichomo humo ni dhamana iliyokufa. Kitabu cha sheria cha Kiingereza cha karne ya 12, kinachoitwa Glanvill, kinaeleza kwamba dhamana ilikufa kwa sababu mazao ya shamba lililoshikwa hayakupunguza deni, na kinaona ni namna ya riba. Edward Coke, mwaka 1628, alitoa maelezo tofauti: asipolipa, shamba limekufa kwake. Kwa karne nyingi "mortgage" ilikuwa, kwa umbo la kisheria, mauzo kamili yenye sharti la kurudishiwa, mpaka sheria ya mwaka 1925 ilipobadilisha umbo hilo. Sasa nenda Unguja ya karne ya 19, kwenye mashamba ya karafuu. Mwenye shamba mwenye deni kwa tajiri wa Kihindi aliandikiana naye bei ya hiari: anamuuzia shamba, anabaki nalo akilipa kodi, na ana haki ya kulinunua tena akipata. Riba haikutajwa popote. Ilikaa ndani ya kodi ya kila mwaka. Makarani wa London na makadhi wa Unguja hawakuandikiana barua juu ya jambo hili. Wote walikuwa na katazo mbele yao na shamba nyuma yao, wakafika mlango mmoja. Na hiyo kodi nayo ni tatizo jingine la mtihani, kwa kuwa Kiswahili hulipa kodi kwa mwenye nyumba na kodi kwa serikali, hata mwanafunzi wangu mmoja akaandika kwamba anamlipa "landlord" wake "tax" kila miezi mitatu. Nilimkata alama moja, nikijua kwamba mtawala na mwenye nyumba hawako mbalimbali kama kitabu kinavyodai.

Juu ya yote haya lipo neno la jumla, na hapo kila lugha imechagua picha yake. "Economy" ni Kigiriki cha kusimamia nyumba: stoo, watumwa, mafuta ya zeituni, mke na funguo. Wajapani walichukua maneno ya kale ya Kichina yenye maana ya kuitengeneza dunia na kuwaokoa watu, wakayafupisha wakapata "keizai", neno lenye uzito wa kiti cha enzi. Kiswahili kilikwenda shambani kikasema uchumi, kuchuma, mkono unaonyooshwa hadi kwenye tunda. Mgiriki anaanza na kilicho tayari ndani, Mjapani anaanza na wajibu wa mtawala, Mswahili anaanza na mti ambao mwingine huenda ndiye aliyeupanda. Nikiwaeleza hayo wanafunzi wangu huandika haraka, kisha mmoja huuliza kama yatatoka kwenye mtihani. Hayatoki.

Mwisho wa muhula niliwapa zoezi la kutunga sentensi tano za biashara. Muuza vitenge alirudisha daftari lake safi, na sentensi ya nne ilisema: "I gave my brother a loan without interest." Kisarufi haikuwa na kosa. Nikaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: Bila riba, au bila hamu? Alipolipokea daftari alisoma, akacheka peke yake, akalisukuma ndani ya mkoba.

"Vyote viwili, mwalimu. Shemeji huyo."